Nia za Alhamisi

Wakati wa sala macho hufumbwa. Hilo hata mtoto wa komunyo ya kwanza analijua. Lakini Alhamisi ile Maman Colombe aliyafumbua ya kwake katikati ya nia za watu, na katika chumba kizima cha vichwa vilivyoinama akaona macho mengine yaliyokuwa wazi. Yalikuwa ya Maman Valérie, shangazi wa kijana aliyemposa binti yake, na yalikuwa yakimtazama yeye.

Aliyekuwa akisali ni Agathe. "Ee Bwana," alisema kwa ile sauti yake tamu, yenye machozi kidogo pembeni, "tunamuweka mbele yako mutoto wetu Joviale. Unajua vile kifafa kimemurudilia. Unajua vile anaanguka, vile mama yake analia. Umufungue, Bwana, mbele ya ndoa yake. Ee Bwana, utusikie."

"Ee Bwana, utusikie," shirika zima likaitika.

Na Bwana alisikia, hakuna ubishi. Shida ni kwamba Maman Valérie naye alisikia.

Shirika lao, jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja, ni la kule Cimpunda, juu Kadutu, ambako nyumba zimeng'ang'ania mlima na mtu akimwaga maji ya kuoshea vyombo hapa, jirani wa chini ndiye anayelowa. Kila Alhamisi, watu wakitoka kazini na sokoni, hukutana kwa zamu nyumba hadi nyumba. Biblia huwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitenge, mshumaa huwashwa, Neno husomwa, kimya hukaa, kisha kila mmoja husema lilivyomgusa. Mwisho huja nia za sala. Sheria yao kubwa ni moja, na Agathe, kiongozi wao, alipenda kuirudia: yanayosemwa mbele ya mshumaa hubaki na mshumaa.

Agathe huyo ndiye aliyemshika Joviale siku ya ubatizo. Ndiye aliyekuja na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akakaa hadi giza siku Colombe alipotambua kwamba mumewe, aliyekwenda Shabunda kutafuta dhahabu, hakuwa na mpango wa kurudi nayo wala bila hiyo. Ndiye aliyewatumia wote kwa simu, kila alfajiri, tafakari ya Neno la siku, jogoo wake akiwika nyuma ya maneno. Colombe alizoea kuisikiliza akiwasha jiko, na siku ambayo mtandao ulikataa aliona hata makaa hayashiki vizuri. Kama angeambiwa ataje watu watatu wasioweza kumuuza, angemtaja Agathe, kisha angenyamaza.

Injili ya siku ile ilikuwa ya yule mwenye kupooza, ambaye rafiki zake walitoboa paa wakamshusha kwa kamba hadi miguuni pa Yesu. Agathe alitafakari vizuri kupita siku zote. "Rafiki wa kweli hangojaki mulango," alisema. "Rafiki wa kweli anatoboa paa!" Watu wakasema amina. Colombe naye, masikini, aliitikia kwa moyo wote, asijue kuwa paa linalolengwa ni la kwake.

Baada ya sala waliagana kwa mikono kama kawaida, ila haikuwa kawaida. Mmoja aliushika mkono wa Colombe muda mrefu mno. Mwingine alijifanya anatafuta kandambili zake. Watu wetu wanaogopa kifafa kuliko risasi. Husema povu la mgonjwa linaambukiza, hivyo akianguka karibu na moto humwita padri kwanza kabla ya kumvuta. Maman Camille alimnong'oneza kwamba kuna mizizi fulani, mzee mmoja wa Kabare anaifahamu. Maman Valérie alichukua mkoba wake, akasimama mbele ya Colombe, naye hakunong'ona.

"Siye tulikuja kwenu na moyo mweupe," alisema. "Na nyinyi mulitufichia."

Familia ya Chrispin, mchumba wa Joviale, ilikuwa ije Jumamosi kutoka Miti kuleta mahari. Kreti za bia zilikwisha kuchukuliwa, viti vilikwisha kuazimwa kwa jirani, na kitenge cha Joviale kilikwisha kushonwa kikaning'inizwa ukutani ili kisikunjike. Ijumaa kabla ya saa sita ujumbe ukafika: safari imeahirishwa, tutawajulisha. Hawakutaja siku nyingine. Colombe aliusoma mara ya kwanza, akausoma tena, kisha akavaa viatu.

Alimkuta Agathe uani kwake akisafisha sambaza, vile visamaki vya ziwa, bakuli mapajani, magamba yamemganda vidoleni.

"Karibu, Maman Jovi! Miye na weye tuna roho moja, nilikuwa nakuwaza."

"Agathe, umenifanya nini?"

Agathe aliinua uso. Wala hakushtuka, na hilo ndilo lililomchoma Colombe kuliko kitu chochote. Alikuwa na uso ule ule wa kila siku, mpana, wa huruma.

"Nimefanya nini? Tangu juzi ninafunga chakula juu ya huyu mutoto. Sijakula hata kikombe cha uji."

"Nilikuambia weye. Sikuambia shirika."

"Na mimi sikuambia shirika," Agathe alijibu polepole, kama anayemfunza mtoto katekisimu. "Nilimuambia Mungu."

"Na Mungu alikuwa peke yake mule ndani?"

"Sasa ulitaka tumufiche Mungu? Ule mugonjwa wa Injili, kama wenzake wangeona haya, si angekufia njiani? Na kama bale ba Miti wanamukataa juu ya ugonjwa, basi Mungu amekuonyesha mapema. Ushukuru."

Colombe alikuwa amekuja kuchukua neno moja tu: nimekosa. Angelipata hilo, angekaa kwenye kigoda, akalia, wakamaliza kusafisha samaki pamoja. Alilingoja. Badala yake Agathe aliweka bakuli chini, akamnyoshea mikono yote miwili, mibichi, inayonuka ziwa. "Njoo tuombe," alisema, macho yakianza kufumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuwa kinakuombea huku kikikula! Colombe alirudi nyuma, akaondoka bila kuaga, na njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akisema peke yake hadi wauza makaa wakamgeukia.

Nyumbani Joviale alikuwa amekishusha kile kitenge ukutani. Alikuwa anakikunja kwa utaratibu, pembe kwa pembe, kama akunjavyo vitambaa vya watoto wake wa chekechea. Alifundisha watoto wadogo, na alikuwa na utulivu wa watu wa kazi hiyo.

"Agathe ametuuza," Colombe alianza, akihema. "Mutu niliyemupa mutoto wangu amushike ku ubatizo! Ametuuza mbele ya watu, na hata haya hana. Nimemuambia leo, nimemuambia..."

"Maman," Joviale alimkata. "Agathe alijulia wapi?"

Colombe akainama kuvua viatu.

"Siku ile, nikiwa bado chini, nilikuambia nini?"

Hakuhitaji kukumbushwa. Ilikuwa jikoni. Tangu msichana amalize sekondari hakuwa ameanguka. Vidonge vilikuwa vimemtuliza, vikikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga mbali na macho ya wageni, na mama mtu alikuwa ameanza kuamini kuwa ule ulikuwa wimbo wa zamani. Kisha asubuhi moja sufuria ilianguka, na mwenye sufuria naye. Colombe alimlaza ubavu, akamngoja, akamfuta damu ya ulimi. Maneno ya kwanza ya mwanawe, kabla hata ya kuomba maji, yalikuwa haya: Maman, usiambie mutu. Chrispin nitamuambia mimi mwenyewe. Naye alikuwa ameapa, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani pake, kwa jina la Bikira.

"Ulikuwa muzigo, Jovi," alisema sasa, sauti imeshuka. "Sina mume wa kumuambia. Ulikuwa unanilemea."

"Ulikuwa muzigo wangu."

Joviale aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakulia, na mama yake alitamani angelia.

"Nilikuwa nimechagua siku. Akitoka Lwiro, kule kazini kwake, tungetembea kando ya ziwa. Nilikuwa nimejifunza maneno. Nilikuwa nayasema nikichana nywele. Unajua ananiambia nini? Anasema si ugonjwa unaomuumiza. Anasema shirika zima lilijua, na yeye, mutu anayenioa, alikuwa wa mwisho. Ananiomba muda." Alikilaza kitenge juu ya mto. "Maman Agathe si mama yangu. Yeye alinishika siku moja, maji yakipita kichwani. Lakini weye..."

Hakumalizia. Aliinuka, akavuta pazia la chumba chake, na vipete vya pazia vikalia kwenye waya.

Tangu saa ile Joviale alimjibu mama yake yote aliyoulizwa. Ndiyo, Maman. Hapana, Maman. Nimekula, Maman. Mtoto mwenye adabu akikasirika ni adhabu kubwa, maana hakupi hata pa kugombea. Alfajiri simu ililia, tafakari ya Agathe ikafika; Colombe hakuifungua. Ya kesho yake pia. Zikarundikana pale bila kusikilizwa, naye akawasha jiko katika kimya, akisikia kupitia ukuta jirani wote wakiisikiliza sauti ile ile.

Alijaribu kumchukia Agathe peke yake, na kwa siku chache aliweza. Chuki yenye mtu mmoja ni nyepesi kubeba. Lakini yule mwenye kupooza alikuwa hamtoki akilini. Alianza kujiuliza maswali ambayo katika shirika hakuna aliyeyauliza. Je, yule mgonjwa aliulizwa kama alitaka kushushwa mbele ya umati, na shuka lake, na uchafu wake? Na kabla ya kufikishwa juu ya paa, nani alimtoa nyumbani? Mtu fulani aliyempenda alisema, haya, mbebeni. Colombe alikuwa anachochea moto wazo hilo lilipomjia. Agathe alishika kamba, sawa. Lakini kamba hakuiokota njiani; alikabidhiwa. Uji uliungua, akaula hivyo hivyo.

Ikafika zamu ya nyumba yake. Zamu haina huruma. Angeweza kusema anaumwa, na kila mtu angejua ni uongo, na kila mtu angemwombea. Akapiga moyo konde. Alifagia, akatandika kitenge mezani, akaweka Biblia na mshumaa. Mvua ilikuwa imepita na njia ya mlimani ilikuwa matope matupu. Alitumaini kidogo kwamba watashindwa kupanda. Walipanda. Wa kwanza, kama miaka yote, alikuwa Agathe, viti viwili vya plastiki kichwani, maana alijua vya Colombe havitoshi.

Walitazamana mlangoni.

"Ulinisikia alfajiri?" Agathe aliuliza. "Nilizungumza juu ya msamaha."

"Sikusikiliza."

"Ah." Agathe aliangalia miguu yake yenye matope. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu asiyejua aanzie wapi. "Viti niviweke wapi?"

"Pale unaviwekaka siku zote," Colombe alisema, akampisha.

Nafasi ya Maman Valérie ilibaki tupu. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti, ingawa wote walijua nani yumo, na macho yao yalikwenda huko na kurudi kama ya watu walio kwenye chumba chenye maiti. Neno la siku ile lilikuwa la chembe ya haradali. Colombe alilisikiliza kwa njaa, akitafuta mahali pa kushika, hakupata. Maman Camille alitafakari juu ya subira. Mwingine alizungumza juu ya maharage yake kule Bagira, yaliyoota baada ya kukatiwa tamaa. Yalikuwa maneno mazuri ya watu wazuri, na yote yalimpita pembeni.

Kisha zikaja nia, na kwa desturi yao mwenye nyumba hufungua.

Vichwa viliinama. Colombe alijua wanachongoja. Walingoja amwombee Joviale, ili sasa wawe na ruhusa ya kulijua wanalolijua; wengine labda walingoja amsamehe Agathe kwa sauti, walie kidogo, waende nyumbani wamejengeka. Yote hayo yalikuwa kinywani mwake, na yalimlemea kama siku ile alipokwenda kwa Agathe kuyatua. Alifumba macho.

"Niko na nia moja," alisema. "Mungu anaijua. Sitaitaja."

Kimya kikatanda, na hakikuwa kile cha kutafakari. Nia isiyotajwa huitikiwaje? Mtu alikohoa. Agathe, ambaye ndiye mwanzishaji wa kiitikio tangu shirika lianze, alivuta pumzi ya kuanza. Colombe aliisikia ile pumzi, akaisikia pia ikishuka bila neno. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati.

Ndipo vipete vya pazia vilipolia.

"Ee Bwana," sauti ilisema nyuma yake, kavu, sauti ya mtu ambaye hajazungumza tangu asubuhi, "utusikie."

Shirika lilichelewa, halikuitika naye. Aliitika peke yake. Colombe alitamani mno kufumbua macho ageuke, aone kama pazia liko wazi, na kwa kiasi gani, na kama mtoto amesimama au amekwisha kurudi ndani. Hakugeuka. Alishika ukingo wa meza.

"Mwenye nia nyingine," alisema, akangoja.