Picha Ambayo Pili Hakuiweka

Kwa mwaka mzima Pili alikuwa mdomo wa mumewe. Mgeni akisema, "Shikamoo mzee Abasi, umeamkaje?" Pili ndiye aliyejibu: "Marahaba, ameamka salama, ila bega linamsumbua." Daktari akiuliza mzee analalaje, Pili alishajibu kabla swali halijafika mwisho. Abasi mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwa binti yao, Maimuna, pale mtaani Mwembesongo, mjini, walikohamia baada ya yeye kuugua, mkono wa kulia umelala pajani kama wa kuazima. Kiharusi kilikuwa kimembakizia neno moja tu: "Basi." Akitaka maji, basi. Akiumwa, basi. Akiwa na hasira, basi, basi, basi.

"Miaka thelathini na sita nimeishi naye," Pili alipenda kuwaambia majirani. "Basi zake zote nazijua."

Maimuna, ambaye alikuwa na cherehani tatu na duka la vitambaa, hakuridhika. Alinunua kishikwambi chenye picha ambazo ukizigusa zinasema. Wakampakatisha baba mtu. Kidole cha mkono wa kushoto kilitetemeka, kikagusa picha mbili kwa mpigo, na sauti ya msichana asiyejulikana alikotoka ikatamka: "Nataka. Nataka. Theluji." Maimuna alicheka mpaka akashika ukuta. Abasi hakucheka. Alikisukuma kile kishikwambi taratibu, akatazama barabarani.

Ndipo wakampeleka kwa Jesca, mtaalamu wa tiba ya usemi, aliyekuwa akija hospitalini kutoka Dar kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Alikuwa binti mpole, mwenye miwani. Alimwamkia Abasi kwanza, akavuta kiti akakaa chini kidogo yake, kisha akamwekea mezani kitu kimoja baada ya kingine. Ubao wa herufi: Abasi aliuangalia kama mtu anayeangalia msafara wa sisimizi. Michoro: akasitasita. Lakini Jesca alipompa simu yenye picha halisi alizotumiwa na Maimuna, nyumba yao ya kijijini Kinole ikiwemo, kidole kilikwenda moja kwa moja, bila kutetemeka sana.

"Kishikwambi si kibaya," Jesca alisema. "Nina mgonjwa wangu mzee kule Turiani anakitumia mpaka anatania watu. Ila huyu, kwa sasa, tumtengenezee kitabu cha picha za maisha yake. Akili yake ni nzima, mama. Kilichokatika ni njia ya maneno." Akamgeukia Pili. "Na ukimuuliza kitu, nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo ndipo useme tena."

Pili alihesabu mpaka nne, akaona kumi ni mbali mno.

Kitabu wakakitengeneza wenyewe, Maimuna akipiga picha, Pili akichagua. Ukurasa wa chakula, wa mwili, wa mahali, wa watu. Chini ya kila ukurasa Jesca aliwaambia waweke alama zilezile: ndiyo, hapana, mimi, wewe, na ile alama nyekundu ya kosa ambayo mwalimu humwekea mwanafunzi kwenye daftari. Dukani kwa stesheneri wakazifunika kurasa kwa plastiki ngumu, zisiharibiwe na mate wala chai.

Siku ya pili tu, Abasi aligusa picha ya uji wa ulezi, akagusa kosa.

"Hutaki uji leo?"

Akagusa tena uji, tena kosa, akimkazia macho. Ilimchukua Pili muda kuelewa kwamba si leo tu. Mwaka mzima amemnywesha mtu uji asioupenda, asubuhi na jioni. Alicheka mbele ya Maimuna, lakini jikoni alisimama na mwiko mkononi, akaona aibu.

Kisha ikaanza habari ya ukurasa wa watu. Kila asubuhi Abasi alifunua pale, akapitisha kidole juu ya nyuso zote, Maimuna, wajukuu, imamu, wadogo zake, akaishia kwenye kosa. Siku ya nne akaenda ukurasa wa mahali, akagusa Kinole. Akaenda wa chakula, akagusa pilipili manga. Akarudi kwa watu, akagonga pembeni, pale pasipokuwa na picha.

"Mama," Maimuna alisema, "kuna mtu wa Kinole anamtaka. Ni nani?"

"Sijui," Pili alijibu.

Alijua. Abdulswamad alikuwa jirani yao huko mlimani, rafiki wa Abasi tangu walipoingia jando pamoja. Msimu wa mwisho wa mavuno kabla ya ugonjwa, Abasi alikosa gunia la pilipili manga, akamshika mwenzake hadharani, nje ya msikiti, akamwita mwizi mbele ya watoto wake. Abdulswamad akasema: "Mungu aufunge mdomo wako huo!" Siku tatu baadaye Abasi akaanguka uani, na mdomo ukafungwa kweli.

Pili hakuyasahau maneno yale. Abdulswamad alikuwa ameteremka mjini mara tatu kumwona mgonjwa, na mara tatu Pili alimkatalia mlangoni: "Mzee hataki kukuona." Ndani Abasi alikuwa akipiga mkono wa kiti, "Basi! Basi!" na Pili alichukulia kuwa ni ghadhabu. Picha ya Abdulswamad ilikuwemo kwenye simu, wamesimama wawili wakicheka siku ya harusi ya Maimuna. Alipokuwa akichagua, aliiruka.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata, Jesca alifunua ule ukurasa, akauliza, "Mzee, hapa pana kasoro?" Kisha akasubiri. Abasi akagusa ndiyo.

"Kuna mtu hayumo," Jesca alisema. Hakumtazama Pili kwa lawama. "Mama, sisi tunabandika tu. Maneno ni yake. Tusipomwekea neno, tumemnyang'anya."

Jioni ile Pili aliketi mbele ya mumewe, magoti yakikaribia kugusana.

"Baba Maimuna," alisema, "ni Abdulswamad?"

Safari hii alihesabu mpaka kumi, akapitiliza. Abasi aliweka kidole kwenye ndiyo na hakukiondoa. Machozi yalimtoka jicho la kulia, lile ambalo kope zake hazikufunga vizuri.

"Nilidhani unamchukia," Pili alisema. "Hapana. Mimi ndiye niliyemchukia."

Pili alimwita, na Abdulswamad akafika Alhamisi na kanzu iliyopigwa pasi, amekonda. Hakuthubutu kukaa. "Shemeji, sikuja kusumbua," alianza, kisha akamgeukia mgonjwa. "Abasi, neno lile lilinitoka. Tangu siku ile sijalala usingizi wa kushiba. Nisamehe, ndugu yangu."

Abasi akagonga: hapana.

Abdulswamad akainamisha kichwa. Pili akataka kuingilia, aseme neno la kupoza, maana mdomo wake ulishazoea. Akajizuia. Akasogeza tu kitabu kikae sawa.

Abasi alifunua ukurasa wa chakula: pilipili manga. Akafunua wa mahali: nyumba yao ya Kinole. Akainua kidole juu, darini, akakishusha kwenye mimi. Akakipeleka kwenye kosa. Akarudia yote, polepole: pilipili manga, nyumba, juu, mimi, kosa.

Pili ndiye aliyeelewa kwanza. "Gunia lilikuwa darini? Uliliweka mwenyewe?"

Ndiyo.

"Ukaliona lini?"

Hapakuwa na picha ya hilo. Abasi akagusa shavu lake lililolegea, lile la kiharusi, akagusa Kinole. Pili akaelewa: ni asubuhi ileile aliyoanguka. Ameliona gunia, ametoka aende kwa mwenzake kumwomba radhi, na hakuvuka ua.

Abdulswamad alikaa chini, palepale sakafuni, na kanzu yake nyeupe. "Mwaka mzima ulikuwa nalo moyoni?" aliuliza. "Hilo tu ndilo ulilotaka kuniambia?" Abasi akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika kichwa kama mtu anayemshika mtoto.

Tangu hapo Abdulswamad huja kila Alhamisi akishashusha ndizi zake sokoni. Wanakaa barazani na kitabu katikati yao, na kimeongezwa kurasa mbili ambazo Abasi mwenyewe aliziagiza. Mwanzoni Pili alikuwa akikaa nao ili atafsiri. Siku hizi anajitanda khanga, anakwenda kwa jirani. Wiki iliyopita, akiwa langoni, aliwasikia wakiangua kicheko, wote wawili, na hakujua wanacheka nini. Alisimama kidogo akitaka kurudi kuuliza. Kisha akaenda zake.