Unga wa Mtu Mmoja

"Basi kale wewe chumbani, ukafunge na mlango. Mimi sijafundishwa kula kwa kujificha."

"Sio kujificha, mama. Ni utafiti."

"Utafiti gani unamkataza mtu kukaribisha wenzake?"

Twaha akashika kiuno. Angekuwa kuli mwenzake pale sokoni Kariakoo, saa hizi wangeshakunjana mashati. Lakini huyu ni Bi Badria, mama yake mzazi, amekaa mkekani ukumbini na mwili wake mkubwa, sinia ya ugali na mlenda mbele yake, na watoto wa mpangaji mwenzao, Mwinyimvua, wameshanawa mikono.

Twaha ndiye aliyemburuta mama hadi Upanga kwa watafiti wanaopima watu wanene. Baba yake aliondoka na kisukari, mguu ukakatwa, ukatangulia kaburini, na Twaha hakutaka kuzika tena namna ile. Dada mmoja wa utafiti, Jacqueline, akawaambia kisukari mama hana bado, ila yuko njiani. Mafuta ya tumboni yanauwashia mwili moto mdogo ndani kwa ndani. Insulini, ile inayoifungulia sukari mlango wa mwili, anayo tele, lakini inapiga hodi na mwili hauitikii. Twaha, shule aliikimbia mapema, akaitikia kwa kichwa tu. Moto gani usiounguza? Na mgonjwa gani huyu anayebeba ndoo ya maji huku anapiga soga?

Wakapewa unga wa mtama na kunde, kwa sharti kwamba aule mama peke yake, kwa kipimo. Wenzake wengine wanakula ugali wa kawaida, halafu damu zao zinalinganishwa. Mama alijaribu siku za mwanzo. Baadaye akasema tonge linamkwama kooni, watoto wa watu wako mlangoni wanameza mate.

Wakiwa bado wanabishana, Jacqueline akapiga hodi. Akamwamkia mama, akaitikiwa, akaketi kwenye kigoda anatabasamu. Majibu ya damu yametoka: ule moto umepungua, na mwili umeanza kuisikia insulini. Unga unafanya kazi, akasema. Ndipo macho yake yakatua kwenye sinia, na vile vidole vyote ndani yake.

"Kaka Twaha, huu ndio ule unga?"

Twaha akapiga hesabu. Akisema kweli, mama anatolewa, vipimo vya bure basi, na njia ya baba ile pale. Akidanganya, kuna mama wa mtu mwingine huko ataambiwa ale unga huu apone.

"Ndio wenyewe," akasema. "Na hajaula peke yake siku nyingi."

Jacqueline akamuuliza mama anakula kiasi gani. Mama akacheka. Nani anapima tonge lake kwenye sinia? Hawa watoto ni nzige, yeye hutoa mkono mapema ili washibe. Jacqueline akasema labda ni huko kula kidogo. Labda ni unga, hata huo kidogo. Twaha akakumbuka chipsi kuku na soda alizokuwa anamletea mama kila jioni, akaacha walipoanza utafiti. Labda ni kule kuziacha.

"Sasa kilichompa nafuu ni nini?"

"Sijui, kaka."

"Wewe si ndiye mtafiti?"

"Ndiyo maana nakwambia sijui."

Akaeleza kuwa damu ya mama haitahesabiwa tena. Ila akianza leo kula peke yake, atamwombea kwa wakubwa wake aanze upya. Twaha akachuchumaa mbele ya mkeka, akambembeleza mama kwa sauti ya chini, sauti ambayo sokoni hawajawahi kuisikia.

Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimepata nafuu kwa kitu ambacho hata wenyewe hawakijui," akasema. "Nikiacha kula na hawa, je, kama ndicho?"

Jacqueline akaifungua tena karatasi ya majibu.

Twaha alitafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Mama akasogea kumpa nafasi mkekani.

"Kaa ule, baba."

Mkono ukamtoka kuelekea sinia, ukaishia hewani. Kila tonge atakalokula yeye, mama atapunguziwa: chakula kidogo, na unga kidogo. Sasa hapo anamponya au anamuua? Akamtazama Jacqueline. Naye alikuwa anaitazama sinia.

Twaha akaurudisha mkono, akainuka, akageuka, akashika njia ya sokoni.