Mstari wa Baba Watoto

Mume wangu hupaka rangi barabarani, na mtaa wetu ulipopata njia ya baiskeli, yeye ndiye aliyeichora. Jioni alitutoa nje, mimi na mama yake, tukaitazame kama mtoto mchanga. Nyeupe, imenyooka, sikatai.

"Haya mke wangu, njia yako hiyo," alisema, kichwa kimemvimba. "Ukionekana nje ya mstari utaniaibisha kwa wenzangu."

Mama mkwe akadakia: "Apite humo humo. Na mimi nipate usingizi."

Nikakubali. Ningesema nini, na wote wawili wananipenda?

Kazi yangu ni kupeleka mikate madukani, kreti moja kila upande wa baiskeli. Sasa, msimamizi wa wapaka rangi alimwachia mume wangu upimaji wa njia, kwa kuwa katika kikosi kizima ni yeye tu mwenye baiskeli. Akakata fimbo yenye urefu wa usukani wake, akaongeza kiganja, basi, huo ndio ukawa upana wa njia. Kreti za mkewe hazikumjia akilini.

Kila asubuhi naingia mle roho mkononi. Kreti moja inakwangua magari yaliyoegeshwa, nyingine inatikiswa na upepo wa malori. Zamani nikipita barabarani madereva walinitukana, lakini waliniona. Siku hizi hata hawanitazami. Mimi nina mstari wangu, wao wana barabara yao. Kukwepa siwezi, kusimama siwezi. Naogopa, na sioni haya kusema.

Nilipomweleza mume wangu, alicheka. "Hujazoea tu, mama. Kesho naendesha mimi, ujionee."

Kesho yake akapanda, kreti zimejaa. Wenzake walikuwa pale mbele wakipaka kivuko cha waenda kwa miguu, wakampigia makofi: "Bwana mikate huyo!" Akapiga kengele kwa madaha. Mimi nilimfuata kwa miguu pembeni, nikamwona akikaza mabega lori lilipomkaribia kwa nyuma. Ndipo nikaona ndani ya gari lililoegeshwa mtu anaokota mkoba wake, mkono uko kwenye kitasa.

"Baba watoto, toka! Toka nje ya mstari!"

Alinisikia. Aligeuza shingo, akawatazama wenzake, akabaki ndani.

Mlango ukafunguka. Alianguka upande wa barabara, na lori likafunga breki na kusimama juu ya mikate. Juu ya mikate, si juu yake. Nilipiga magoti nikampapasa kichwa, shingo, miguu, huku nikimtukana matusi ambayo mama yake hajui kwamba nayajua.

Nyumbani alikaa kitandani, mkono umefungwa plasta.

"Mbona hukutoka?"

"Wangenicheka." Akanigeukia. "Na wewe siku zote ulikuwa unabaki humo?"

"Si uliniomba?"

Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. "Kuanzia kesho pita barabarani, mke wangu. Wakicheka, wacheke."

Kutoka sebuleni mama mkwe akapaza sauti: "Apite wapi? Apite humo humo!"

Niliinuka kukung'uta nguo zake, na harufu ya rangi ikanikumbusha.

"Ile fimbo yako iko wapi?"

Akafumba macho. "Wanayo wenzangu. Mchana huu wamehamia kuchora njia mtaa wa pili, ule wa tanuri lenu."

Ndiko ninakopakia mikate.