Kiti cha Kola

Maumivu yalikaa upande wa kulia wa paji la uso, juu kidogo ya nyusi, hapo hapo. Kila ikigonga saa nane mchana yalianza kumgonga mshona kola, na upande wa kushoto ukabaki mzima kana kwamba ni kichwa cha jirani.

Karakana nzima ya nguo ikageuka hospitali. Mtia vifungo alisema ni jino la juu, ling'olewe. Mkata vitambaa alisema ni mafua yaliyokwama puani, akamletea maji ya moto ajifukize. Nyumbani, wifi yake alisema ni hasira za kuweka moyoni, huku akimkazia macho kaka yake, mume wa mshona kola.

Daktari wa zahanati ndiye pekee aliyeuliza kabla ya kujibu. Alimgongagonga meno, akambonyeza kando ya pua, akampima macho na shingo.

"Hiki ni kipandauso, binti yangu," alisema. "Kuna kitu kinakichokoza. Kitafute."

Msimamizi wa karakana hakuhitaji kupima mtu. Ugonjwa aliujua: uvivu.

"Ukizima cherehani tena kabla ya saa kumi, kesho usije," alimwambia mbele ya wote.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaweka wanawe shuleni. Basi akashona jicho moja limefumbwa, na kola zikatoka zimepinda. Iliuma kichwani, lakini iliuma zaidi kuitwa mvivu baada ya miaka tisa.

Jumapili hakuumwa. Siku ya mvua hakuumwa. Siku jua liliporudi, saa nane, aliinua uso kutoka kwenye kitambaa, akatazama dirisha lililokuwa kulia kwake. Ng'ambo ya barabara walikuwa wameezeka bati jipya, na jua lilidunda pale likamwingia jichoni moja kwa moja.

Kwenye karakana ile kila kazi ilikuwa na kiti chake, na kiti cha kola kilikuwa dirishani tangu zamani, kwa sababu kola inataka mwanga. Hakuna aliyewahi kukisogeza. Kesho yake mshona kola aliwahi kufika, akaisukuma meza ya cherehani peke yake mpaka dirisha likawa mgongoni kwake.

"Nani kakuruhusu?" msimamizi aliuliza.

"Kichwa changu."

"Rudisha."

"Nitairudisha saa nane, ukae wewe, mama. Shona kola kumi tu. Ukimaliza bila kushika kichwa, mimi ni mvivu, na nitaondoka mwenyewe."

Mshona kola hakushusha macho. Msimamizi angekataaje, na mikasi yote ilikuwa imenyamaza?

Saa nane meza ilirudishwa dirishani, msimamizi akakaa. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Kola tatu za kwanza zilitoka safi. Ya tano alikunja uso. Ya saba ilipinda, na kidole kikapanda chenyewe juu ya nyusi ya kulia, kikabonyeza. Alikishusha upesi, amechelewa. Mtia vifungo alipatwa na kikohozi.

"Jua la leo kali," msimamizi alisema.

"La jana je? Bado tatu, mama."

Msimamizi alizima cherehani. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Akasimama, akashika pembe ya meza.

"Shika huko," alisema. "Tuigeuze."