Nondo Mbili za Pikapu ya Anold

Grisi ya miaka miwili ikikauka huwa ngumu kama ugali wa jana, na Tumainieli aliikwangua kwa tindo dakika kumi nzima kabla herufi haijajitokeza. Alikuwa amelala chali chini ya pikapu, gunia limekunjwa chini ya mgongo, mkono umeshaanza kufa ganzi. Akafuta kwa kitambaa, akaangalia. Akafuta tena, maana macho ya mtu wa miaka sitini na moja huomba kupewa nafasi ya pili. Ilikuwa R.

Hakushtuka. Alichoka tu, akachoka ghafla hadi kwenye vidole. R ni ya kulia, na nondo hii alikuwa ameifungua upande wa kushoto.

Magari ya milimani yana ugonjwa mmoja. Yanapanda matupu na kushuka yamelemewa, na kwenye mteremko mzigo wote huegemea mbele, ambako hakuna springi bali nondo mbili ndefu zilizolala chini ya gari, kila moja ikijisokota gurudumu lake linapopanda jiwe. Nondo zikichoka, gari huinama. Ndiyo maana kila dereva wa Upare akifika Same huja na ombi lile lile: fundi, inyanyue pua. Tumainieli alikuwa amenyanyua pua za magari kwa miaka thelathini na nne, na siku hizi hata akipita barabarani aliyaona magari kwa pua zao, si kwa rangi.

Hii pikapu ililetwa asubuhi na Raheli, mke wa Anold, kutoka Mbaga. Alishuka na nondo mbili mpya, nene kuliko za zamani, zimefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama Lydia. Wazima huko juu?"

"Wazima. Barabara tu ndiyo imeliwa na mvua. Nataka unibadilishie hizi za mbele, tangawizi ya mwaka huu ni nyingi, gari inakwangua chini." Kisha akaongeza, kama mtu anayemrahisishia mwenzake kazi: "Ya kulia ni ile tuliyotoa kwenye gari bovu kule Kihurio, baada ya ajali. Ya kushoto haijaguswa na mtu tangu wewe."

Tangu wewe. Maneno hayo sasa yalikuwa yamemkalia kifuani, na pikapu nzima juu yake.

Alikumbuka siku yenyewe. Wiki ya kuelekea Pasaka, magari matatu uani, wote wanataka kupanda kabla ya Ijumaa Kuu. Alizitoa nondo zote mbili ili azihamishe meno, pua inyanyuke, akazilaza chini pamoja, akaitwa kwenye gari jingine. Aliporudi hakuzifuta. Nondo hizi kiwandani husokotwa kila moja kwa upande wake, na kichwani hugongwa herufi ili mtu asije akazichanganya. Ukizichanganya hazigomi. Zinabeba, tena zinabeba vizuri, miezi kadhaa, huku zinakufa kwa ndani.

Baada ya miezi saba, nondo ya kulia ilikatika. Anold alikuwa anashuka, mama yake, Agatha, ameketi pembeni yake, na gari likakaa ghafla upande mmoja kwenye kona na kujipigiza ukingoni. Anold alitoka na michubuko. Mkono wa kushoto wa mama yake ulivunjika mara mbili, ukaunga vibaya, na hadi leo hauwezi kushika jembe. Anold alisema gari limekaa lenyewe. Madereva wote husema hivyo, kwa hiyo ukoo ukaitisha kikao, wakamwita fundi, mtoto wa huko huko, mtu wa kuaminika. Wakamletea vipande viwili vya nondo kwenye kiroba.

Hata hivyo vipande hakuvifuta. Aliviangalia pale palipokatika tu, akasema mbele ya watu wote: "Chuma hiki hakikatiki hivi hivi. Hiki kimekatwa na mwendo."

Tangu siku ile Anold hakushika tena usukani. Raheli alijifunza kuendesha. Anold alishuka Kihurio kufanya vibarua vya mpunga, akirudi nyumbani Jumamosi, na kanisani alihama kutoka benchi la kwaya akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango. Watu walimsalimia vizuri. Hakuna aliyemtukana, na labda ingekuwa afadhali wangemtukana.

Tumainieli aliendelea kulala pale chini. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la vyuma chakavu, refu kuliko mtu, na nondo moja ikitupwa humo ingekuwa chuma kama chuma kingine. Vipande vya ile nyingine vilishapotea. Raheli asingejua. Nani Upareni angejua? Alikuwa amebakiza mwaka mmoja au miwili, kisha afunge karakana na kwenda kukaa na ng'ombe wake wawili, jina lake likiwa zima. Aliwaza haya yote bila aibu, kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta mahali pa kuegemea bila kuuliza ni pa nani.

Kilichomtoa chini ya gari hakikuwa ushujaa. Ni kwamba alijaribu kukumbuka sura ya Anold siku ya kikao, na akaikumbuka: Anold alipoambiwa ni mwendo, alimwangalia yeye, fundi, kwa macho ya kuuliza. Kama vile labda fundi anajua jambo ambalo yeye mwenyewe halijui.

Raheli alikuwa amekaa kwenye tairi la zamani anakunywa chai. Tumainieli akamwekea nondo miguuni, akamwonyesha herufi, akamweleza. Alieleza kwa ufupi. Alipofika kwenye kikao ilibidi arudie.

Raheli aliiangalia ile herufi muda mrefu. Chai ikapoa.

"Usiniambie mimi," alisema hatimaye. "Mimi kwenye kile kikao nilikuwa mlangoni na watoto. Kesho kuna msaragambo, tunajaza barabara. Kila nyumba inatoa mtu. Waliokusikia siku ile watakuwepo wote."

"Mama Lydia, mimi ni mzee sasa..."

"Maliza gari, baba. Halafu tutaondoka nalo."

Akalimaliza. Alizifuta nondo mpya kwa petroli, akasoma herufi kwa sauti, akamwita Raheli naye asome. Akapiga jeki hadi magurudumu yakaning'inia, akachomeka meno, akakaza bolti za nyuma kidogo kidogo. Akalishusha, akalirudisha nyuma na mbele litulie, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Kulikuwa na tofauti ya nusu kidole. Zamani angeiacha. Alipiga jeki tena.

Kesho yake walipanda pamoja. Gari lilikuwa gumu zaidi lakini lilisimama sawasawa, na kila lilipovuka jiwe Tumainieli alilisikiliza ili asisikilize kitu kingine. Kwenye ile kona ya ajali Raheli hakupunguza mwendo.

Watu kama arobaini walikuwa barabarani, majembe na makarai mikononi, wanajaza mahali mvua ilipochimba. Wanaume walichimba, wanawake walibeba kokoto. Anold alikuwa mwisho kabisa, peke yake, anafukia mtaro. Agatha naye alikuja, ingawa aliruhusiwa kubaki nyumbani. Alibeba debe dogo kwa mkono wake mzima.

"Shikamoo, mama," Tumainieli alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia?"

Alitamani kujibu ndiyo. Badala yake aliwaomba watu wasogee, akainua ile nondo, akasema. Hakusema vizuri. Alianza na mambo ya kiwandani hadi mzee mmoja akamwuliza anataka kusema nini hasa, na hapo akalisema lote kwa pumzi moja: kwamba yeye ndiye aliyezichanganya, kwamba gari lilikaa lenyewe kama Anold alivyosema, kwamba kwenye kikao alitoa hukumu juu ya chuma ambacho hakukifuta.

Majembe yalinyamaza moja baada ya jingine.

"Ulisema mwendo," alisema Agatha.

"Nilisema mwendo, mama."

"Na mimi nikakubali." Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimekaa naye kiti kimoja, nikakubali ya mtu ambaye hakuwepo."

Wote wakamgeukia Anold. Alikuwa bado amesimama ndani ya mtaro, matope hadi magotini, na uso wake haukuonyesha furaha wala hasira. Ulionyesha mtu anayepiga hesabu isiyokubali.

"Lakini mimi ninaukumbuka," alisema polepole. "Mwendo. Nikifumba macho ninauona mshale umesimama kwenye sitini. Mwanzoni sikuuona, baadaye nikaanza kuuona. Ninauona kabisa, fundi."

Raheli ndiye aliyesogea hadi ukingoni mwa mtaro na kuchuchumaa.

"Mshale upi, baba Lydia?" aliuliza kwa upole. "Mshale wa gari hili haujawahi kufanya kazi. Tumelinunua likiwa hivyo hivyo, umelala kwenye sifuri."

Anold alimwangalia mkewe. Kisha akamwangalia fundi, kwa macho yale yale ya kuuliza. Agatha akaweka debe chini. Akashuka mtaroni taratibu, akijishikilia kwenye nyasi kwa mkono mmoja, akasimama kwenye matope karibu na mwanawe.