Unaniandika?

Tabu, mhudumu wa afya wa kijiji, alichukua ungo wa pili, akakaa ubavuni mwa Mwanajuma wakapeta mchele. Kwenye semina ya mradi alifundishwa kukaa uso kwa uso na mwathirika. Semina yenyewe ilifanyika hotelini. Hapa Maparoni ukimkodolea mtu macho atakusimulia habari za mvua tu.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuwasikiliza walioumia moyoni; watu waliuita huduma ya kwanza isiyo na bendeji. Jumanne tatu Mwanajuma alikuwa akijibu "Alhamdulillahi" basi. Leo alianza mwenyewe.

"Mwenzangu, mie silali. Nikisikia mashine ya boti tu, nishanyanyuka."

"Pole, mwenzangu."

Hapo Tabu akakosea. Fomu zilitakiwa alasiri ile, akachomoa kalamu. Ungo wa Mwanajuma ukasimama.

"Unaniandika?"

"Fomu tu ya mradi."

"Na baba Salama walimwandika mchana, fomu tu. Usiku wakamfuata na boti."

Tabu aliona haya mpaka akakosa pa kuficha uso. Katika vita vilivyopita pale kijijini, ambavyo wakubwa hawajapata kuviita vita, nani asiyejua kwamba aliyeandikwa ndiye aliyefuatwa? Akaitupa kalamu kwenye pumba, akashika ungo. Wakapeta. Kisha Mwanajuma akaendelea, na safari hii alimtaja mumewe, baba Salama, kwa jina lake, Kondo.

Alasiri mratibu wa mradi, Abdulswamadu, alimngoja gatini, jaketi la kuokolea maisha keshalivaa.

"Majina yako wapi?"

"Nimehudumia watu tisa. Majina ninayo kichwani."

"Kichwa hakiambatanishwi kwenye ripoti, dada. Bila majina nakifuta kijiji kwenye mradi."

"Wanaogopa kuandikwa."

"Waogope nini? Yale yalishaisha."

Tabu akamwomba kalamu. Mstari wa kwanza wa fomu akaandika: Tabu Ismaily. Penye tukio: nililala mikokoni siku kumi na moja, mama akanifia humo. Akamrudishia fomu.

"Huyo hapo. Haogopi."

"Mhudumu hawezi kuwa mwathirika, dada. Fomu haina nafasi hiyo."

"Basi iongezeni."

Jumanne iliyofuata mradi haukuja. Tabu alikuja, na ungo wake. Mwanajuma akamsogezea mkeka, wakapeta kitambo.

"Na wewe, mwenzangu," akauliza bila kumtazama, "unalala?"