Sahihi ya Kijani

Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya jokofu la bucha, bisibisi mdomoni, mke wangu aliponipigia simu kuuliza kama nimemjibu mtoto.

Nikaitema bisibisi. "Jibu gani?"

"Alikuandikia kwenye kile kitabu chenu, ukurasa wa maswali. Leo siku ya pili anakungoja, baba. Hujaona anavyokuangalia ukipita?"

Sikuwa nimeona. Na kitabu hakikuwa tena kwangu.

Tuko wanaume saba wa kanisani tunaosoma vitabu vya imani, uanaume na ulezi, na kwa kuwa nakala ni moja, inazunguka, kila mmoja na ukurasa wake wa maswali. Ukimaliza zoezi unatia sahihi chini ya ukurasa kwa kalamu ya rangi yako, kisha unampa mwenzako. Rangi yangu ni kijani. Zoezi la wiki hii lilisema: muulize mwanao kinachomsumbua, andika jibu lake hapa. Basi Jumanne jioni nilikaa mbele ya binti yangu, kalamu tayari, nikamuuliza kama karani wa sensa. Akasema, "Sijui, baba." Nikaacha kitabu mezani, nikaenda kuoga. Asubuhi nilitia sahihi nikiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, nikakipitisha kwa Kinyozi, mwenzetu anayenifuata zamu. Sikutazama hata inchi moja juu ya kidole changu.

Na niseme ukweli kwa nini binti yangu hakuwa na la kuniambia. Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa kusema sana. Mwezi wa tatu aliondolewa kwenye kwaya, akaja kuniuliza taratibu, "Baba, Mungu naye hapendi sauti yangu?" Sikumjibu la maana. Ila siku ya kikundi nilisimama nikalitoa kama ushuhuda, nikaigiza na kisauti chake, wanaume wakacheka hadi machozi. Nilimwaga mtama penye kuku wengi. Kinyozi alimsimulia mkewe, binti yao akasikia, na binti yao anasoma darasa moja na Chiriku. Tangu hapo nyumbani kwangu ni shikamoo, ndiyo, hapana.

Sasa alikuwa amejaribu tena, na maneno yake yalikuwa mikononi mwa wanaume walewale. Kila Alhamisi, saa kumi na moja, Mwalimu, kiongozi wetu, husoma majibu yetu kwa sauti. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi.

Nilikusanya vifaa.

"Nyama yangu je?" akauliza mwenye bucha.

"Narudi."

"Wewe utarudi. Barafu haitarudi."

Nilikwenda kwa miguu, nikaona miguu inanichelewesha, nikakimbia, na mfuko wa spana ukanipiga nyonga njia nzima. Nilikuwa nimeshamhukumu Kinyozi kabla sijafika. Domo lake halina mlango, nilijiambia. Nyani haoni kundule.

Nilimkuta na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Kitabu kiko wapi?"

"Nimempa Mwalimu asubuhi."

"Ulisoma ukurasa wangu?"

Akaizima mashine, akaipuliza kuondoa nywele ambazo sikuziona. "Wahi ukachukue kitabu chako, ndugu yangu," akasema, na hakunitazama usoni. Nikaondoka nimekunja ngumi. Asiyekutazama usoni ana lake, na nilijua lake ni lipi.

Mwalimu, mstaafu aliyetulea wengi kwa chaki na fimbo, alikuwa anapanga viti katika chumba cha nyuma ya kanisa. Kitabu kilikuwa mezani, miwani yake ikiwa juu.

"Afadhali umekuja," akasema. "Ukurasa huu ni utani wenu vijana au nini?"

Ukurasa wa maswali ulikuwa umekunjwa katikati, ukabanwa kwa pini tatu za stepla. Juu yake, kwa wino wa bluu wa Kinyozi, yaliandikwa haya: Ni mwandiko wa mtoto. Nimesoma neno moja tu, "Baba", nikafunga. Mara hii sisemi.

Nikakaa kwenye kiti ambacho Mwalimu alikuwa bado anakivuta. Niliona aibu, aibu ya kweli ya kupandisha joto masikioni. Yule mwenye domo alitazama ukurasa akajua si wake. Mimi ulikuwa wangu na sikuutazama.

"Naomba niuchane, Mwalimu."

"Hicho ni kitabu cha kikundi."

"Kitabu ni cha kikundi. Ukurasa ni wa mwanangu."

Alivaa miwani, akaniletea rula ili nichane bila kuharibu mshono.

Njiani nilisimama mara mbili, ukucha chini ya pini ya kwanza. Nilitaka kujua, jamani. Lakini zile pini ndizo ushahidi pekee niliokuwa nao kwamba hakuna aliyesoma. Nikaurudisha mfukoni.

Chiriku alikuwa uani anaanika nguo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nikampa karatasi. Aliigeuza, akasoma maneno ya bluu, midomo ikicheza.

"Nani mwingine ameona?"

"Mwalimu ameiona imefungwa hivyohivyo."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini sahihi yangu ilikuwa humo ndani, chini ya maneno yake, kijani kibichi.

"Nilitia sahihi bila kusoma, mwanangu. Sikujua kama umeandika. Mama yako ndiye ameniambia leo."

Shati langu lilikuwa linachuruzika maji miguuni pake.

"Kwa hiyo hukukasirika?"

"Nikasirike nini?"

"Niliona sahihi ulipokuwa unavaa kiatu cha pili. Nikajua umesoma, umekasirika, ndiyo maana husemi kitu."

Siku mbili nzima. Alikula na mimi, akanisalimia, akabeba hilo. Nilimwambia nisamehe, na lile la kwaya pia unisamehe.

Alizitoa pini moja moja kwa ukucha, akaniwekea kiganjani. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshachomoa kalamu mfukoni, kwa mazoea tu.

"Ya nini hiyo?" akauliza.

Nikaitupa kwenye kikapu cha vibanio. Akaikunjua karatasi, akaanza kunisomea kwa sauti ileile niliyoiigiza mbele ya wanaume sita.